Kamera Iliyobaki Ngazini

Shemeji yangu aliitwa Bega na watu wote isipokuwa mama yake mzazi. Jina lilimpata kazini. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka chini ya la kushoto kwa kubebeshwa kamera tangu ujana, na fundi cherehani wake alilalamika kwamba kumpima mtu huyu ni kama kupima nyumba iliyoanza kuinama. Yeye hakuona haya. Alisema bega la kushoto ni la bosi, lipo lipo tu, halijawahi kushika kazi.

Alianza na harusi na mahafali, akaingia kwenye matangazo ya sabuni, kisha akakaa miaka mingi kwenye tamthilia za televisheni, zile ambazo watu hugombana wakiwa wamekaa. Huko kamera husimama juu ya miguu yake mitatu, na mpigapicha huilinda tu isiangushwe na mtu anayepita na chai. Alituambia kwamba amepiga makochi mengi kiasi kwamba wakimfukuza atafungua duka la samani. Tulicheka, lakini hakuwa anatania sana. Alichokitaka maishani ni kutembea na kamera nyuma ya mtu. Aliamini, na alilisema mara nyingi kuliko tulivyotaka kulisikia, kwamba picha inayotembea inajua kitu ambacho picha iliyosimama haikijui.

Kwa hiyo mwongozaji alipompigia simu kumwambia anaandaa filamu ya kijasusi, na kwamba onyesho la kwanza anataka lipigwe kwa mfululizo mmoja bila kukatwa, kamera ikiwa begani kwa mtu, na mtu huyo awe yeye, Bega alitoka nje akasimama uani muda mrefu. Dada yangu, mkewe, alidhani ni habari ya msiba.

Habari mbaya ilikuwepo, ila ilikuwa imetangulia. Siku chache kabla ya simu ile alikuwa ametoka hospitali. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwelekeza kwa kalamu sehemu zilizokuwa nyeupe, akamwambia hapo hapavuti tena hewa, pamekakamaa kama sponji iliyosahauliwa juani. Alimuuliza kama aliwahi kufanya kazi ya vumbi. Aliwahi. Kabla ya kamera alikata mawe ya sakafu kwenye karakana moja, bila kitambaa usoni, kwa sababu waliovaa vitambaa walichekwa na wenzao. Daktari hakumpa matumaini ya kupona. Alimwambia aache mizigo na aepuke ngazi. Bega aliniambia baadaye kwamba, aliposoma lile onyesho la kwanza na kukuta limejaa ngazi kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, alicheka peke yake mpaka kifua kikamkatalia.

Kwa dada alifikisha nusu ya habari. Alisema ni pumu ya ukubwani.

"Pumu gani inayomlaza mtu mzima akiwa amekaa?" dada akamuuliza.

"Pumu yenye adabu. Haitaki nikupige teke usingizini."

Dada hakucheka. Alijua kuna nusu nyingine, na alijua kwamba akiilazimisha itoke, itatoka na kukaa nao mezani kila siku. Alimwomba jambo moja tu, amwambie mwongozaji kwamba anaumwa, tena si kidogo. Bega alikataa. Akimwambia leo, alisema, kesho kamera ina mtu mwingine, na watakaomwonea huruma hawatampa tena hata kochi. Amalize onyesho hili moja, kisha atasema mwenyewe, tena kwa kinywa kipana.

Nilikuwepo jioni aliyotueleza onyesho lenyewe. Alisogeza vyombo vya chakula, akanikabidhi kichupa cha chumvi, akaniambia, shemeji, leo wewe ndiye jasusi, tembea. Kikombe kilikuwa gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, na kamera inaanzia ndani ya gari hilo. Tunamwona mwanamume mwenye mkoba akija kwa miguu, lakini tunamwona kupitia kioo chenye vumbi, na ukingo wa usukani umeingia kwenye picha. Hakuna anayezungumza, hakuna muziki. Usukani ule unatosha kutuambia kwamba kuna mtu amekaa humu akimsubiri. Kisha kamera inashuka garini, inavuka barabara, inaanza kumfuata. Anayemvizia yule mtu ni yeye mtazamaji.

Tangu hapo tunaona kisogo tu. Kisogo, ukosi wa shati uliolowa jasho, sikio moja. Mlinzi wa mlangoni anamtazama usoni, na sisi hatuuoni uso huo. Tunaona tu jinsi uso wa mlinzi unavyobadilika.

"Ukimwonyesha uso umemaliza kila kitu," Bega alisema. "Mtu ukimwona uso unajua anaogopa au haogopi. Usipomwona, unaogopa kwa niaba yake."

Alisukuma kidole chake, ambacho sasa kilikuwa kamera, nyuma ya chumvi yangu. Akanionyesha kwamba umbali nao una kazi yake. Ukikaa mbali, mtazamaji anatulia, anajua ana nafasi ya kutoroka. Ukisogea taratibu mno, hajui kwa nini kiti kinamuwasha. Mwongozaji alikuwa amepanga kidole kiisogelee chumvi kidogo kidogo hadi ghorofa ya juu kabisa, mlango ufunguliwe, jasusi ageuke, na hapo tu tuuone uso wake.

Dada alikuja kuondoa sahani. Akauliza, bila kumtazama, kama na yeye atapanda ngazi zote hizo na lile dude begani.

"Napanda polepole, mama. Anayefuata mtu hakimbii."

Jengo walilolipata lilikuwa la ofisi, la zamani, ghorofa zake za juu zimehamwa. Kuta zilipakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kwenda juu, kingo za ngazi zilikuwa zimelika katikati kwa viatu vya miaka, na hewa ilinuka karatasi zilizolowa. Lifti ilikuwa imekufa siku nyingi. Ngazi zilipanda, zikafika kwenye kijukwaa kidogo chenye dirisha, zikapinda, zikapanda tena, na hivyo hivyo hadi juu, na katikati yake palikuwa na uwazi ambao ukiinama kwenye reli unaona hadi chini.

Kando ya Bega alitembea mwanamke waliyemwita Fokasi. Kazi yake ilikuwa kuzungusha gurudumu dogo ubavuni mwa lenzi ili kisogo kile kisipotee kwenye ukungu, mwenye kisogo akikaribia au akienda mbali. Ni kazi ya mikono inayomlazimu mtu akae shavu kwa shavu na mpigapicha. Ndiyo maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Aliniambia kwamba kwenye mazoezi, walipotumia kamera nyepesi, alisikia filimbi nyembamba akadhani ni feni ya taa. Walipozima taa filimbi ikaendelea.

Siku ya kupiga yenyewe kamera ilikuwa ile nzito. Gari, barabara, mlinzi, yote yalikwenda vizuri. Bega aliingia kwenye ngazi nyuma ya mwigizaji akapanda sehemu ya kwanza, akapita kijukwaa cha kwanza, akapanda ya pili. Fokasi alisikia filimbi ikigeuka kuwa msumeno. Walipofika kijukwaa cha pili, Bega alisimama.

Hakuanguka wala hakuishusha kamera. Aliegemea ukuta, akafumba jicho lisilo na kazi, akaielekeza lenzi pale ngazi zilipopinda. Mwigizaji hakujua. Kisogo kikapanda, kikapinda, kikatoka kwenye picha. Zikabaki ngazi tupu na sauti ya viatu ikienda juu.

Fokasi alidhani watasikia sauti ya kukata. Mwongozaji, aliyekuwa chini mbele ya monita, alisema baadaye kwamba alifungua mdomo kupiga kelele, lakini mdomo ukabaki hivyo. Viatu vilipanda, vikapungua kasi, vikasimama. Mwigizaji alikuwa amehisi kwamba nyuma yake hakuna mtu. Kwa kawaida mwigizaji haangalii nyuma hadi aambiwe, huyu naye alijua hivyo, lakini kimya kilimzidi. Akainama juu ya reli kutazama mpigapicha amepotelea wapi.

Kwenye kamera ukaonekana uso. Ulitokea ghafla juu, kwenye ule uwazi, ukitutazama sisi, ukiwa na wasiwasi wa kweli wa mtu asiyeelewa kinachoendelea nyuma yake. Kisha ukajirudisha ndani.

Watu waliozunguka monita waliruka. Mwongozaji alizipanda ngazi akiwa amejishika kichwa.

"Mzee Bega, umeniua," alisema. "Nani alikufundisha kumwacha mtu aende?"

Bega alikuwa bado ameegemea ukuta. Alitikisa kichwa, kwa sababu hakuwa na hewa ya kujibu, na wote waliuchukua mtikiso ule kuwa unyenyekevu wa fundi. Wakampigia makofi. Ni jambo ambalo nadhani lingeweza kutokea kwa watu wa kazi ile tu. Kwao mtu akisimama lazima awe amesimama kwa maana fulani. Hawakufikiria kwamba mtu anaweza kusimama kwa sababu amechoka.

Na makofi yale ndiyo yaliyomfunga. Uso haukuwa safi kwenye picha. Ulijitokeza kabla mkono wa Fokasi haujauwahi, kwa hiyo ilibidi warudie. Tena sasa mwongozaji alikuwa na wazo jipya, na wazo lilikuwa zuri, Bega mwenyewe alikiri hivyo. Uso ukishajirudisha, kamera ibaki pale pale, kimya, muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Halafu ikimbie. Imeshagunduliwa, haina tena cha kuficha. Ipande ngazi zote zilizobaki mbio mbio hadi kwenye ule mlango.

Walirudia. Bega alikaa kwenye kijukwaa, uso ukaja safi, ukapotea, kimya kikapita. Akakimbia ngazi chache, kikohozi kikamkamata na picha ikaenda dari, ukuta, viatu vyake mwenyewe. Wakarudia tena. Fundi wa sauti alivua visikilizio akauliza nani anapasua mbao humu ndani. Watu walicheka, na Bega akacheka nao kadiri kifua kilivyomruhusu. Mwongozaji aliagiza aletewe maji ya moto, akamwambia mafua ya msimu huu ni mabaya. Wakarudia. Safari hii alifika kijukwaa kilichofuata, akapiga goti.

Ilitangazwa mapumziko ya chakula. Fokasi alimkuta amekaa kwenye ngazi, sahani pajani haijaguswa, midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

"Kaka, hii si mafua. Sema wewe, au nitasema mimi."

"Niachie hii moja tu."

"Hii moja itakuzika, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeshika gurudumu."

Fokasi alisema Bega hakukasirika. Alimuuliza yeye ana uzito gani, na kama aliwahi kuibeba kamera ile akiwa mbioni. Fokasi alielewa anakopelekwa. Akajibu kwamba hajawahi, na kwamba hataki kuchukua kazi ya mtu. Bega akamwambia kazi ya mtu imeshachukuliwa, wanachojadili ni nani aimalizie. Kisha akajishika kwenye reli, akasimama, akateremka kwenda kwa mwongozaji, akipumzika kila baada ya ngazi chache kama mtu anayesoma matangazo ukutani.

Mwongozaji alikuwa anakula amesimama. Bega alimwambia mbele ya watu, bila kumvuta kando.

"Pale juu sikusimama kwa ufundi. Pumzi iliniishia. Nina mapafu mabovu tangu kabla hujanipigia simu, na nilikuficha."

Mwongozaji aliweka sahani chini. Kwanza aliuliza kama aite gari la kumpeleka hospitali. Bega akakataa. Halafu, Fokasi anasema, mwongozaji alifanya jambo ambalo yeye hadi leo hajui alichukie au alielewe. Aliinua macho akatazama ngazi, na ungeweza kumwona akihesabu mwanga uliobaki dirishani.

"Nani anaweza kukimbia?" akauliza.

"Nitamwachia pale kijukwaani," Bega akajibu. "Bila kukata."

Walifanya mazoezi mchana ule wa kupokezana kamera. Kwenye ule muda wa kimya, uso ukishajirudisha, Fokasi angeachia gurudumu likiwa limefungwa kwa umbali wa ngazi, angepitisha bega lake chini ya tumbo la kamera kutoka upande wa ukuta, na Bega angekunja magoti taratibu hadi uzito uhame. Picha isitikisike. Bega alimwelekeza kwa kunong'ona, asivute, asubiri apewe. Kama kumhamisha mtoto aliyelala kutoka bega la baba kwenda la mama, alisema, akiamka umeharibu. Alimrekebisha viwiko. Alimwambia asipumue kwa pua, picha inasikia. Mara mbili tatu yule mtoto aliamka, wakaanza upya.

Walipopiga, ulikuwa umebaki mwanga kidogo tu dirishani. Gari. Barabara. Mlinzi. Bega alipanda nyuma ya kisogo kile kwa mara ya mwisho, na Fokasi anasema filimbi haikusikika, sijui aliibana wapi. Kijukwaani akasimama. Viatu, kimya, uso, kimya tena. Kisha uzito ukaja juu ya bega la Fokasi, wote kwa pamoja, mzito kuliko mazoezini, na mkono wa Bega ukabaki kidogo juu ya kishikio kabla ya kuachia. Picha ilishuka kiasi cha unywele mmoja, ikapanda. Mwongozaji aliiacha hivyo, akasema ni kama kamera imemeza mate.

Fokasi akakimbia. Nyuma yake watu wa nyaya wakakimbia, na wa sauti, na mwongozaji mwenyewe, wote juu, kuelekea mlangoni, na huko juu ndiko waliposhangilia na kukumbatiana. Kijukwaani alibaki Bega peke yake. Hakuna aliyemwona alivyokaa huko, wala mimi siwezi kubuni. Fokasi alipoteremka hatimaye alimkuta ameshavaa koti lake, upande mmoja chini, upande mmoja juu.

Nyumbani dada aliona gari la kazi likimleta jioni ile. Alimuuliza kama wamemaliza ya leo.

"Tumemaliza."

"Kesho saa ngapi?"

"Nimemaliza, mama. Si wao. Mimi."

Halafu akamwambia ile nusu nyingine ya habari. Dada alikuwa ameiombea siku hiyo, mume wake aitue kamera. Aliniambia kwamba ilipofika hakuona pa kuiweka. Alipiga magoti akamfungua kamba za viatu kwa sababu yeye hakuweza tena kuinama, akambana maswali kuhusu dawa na vipimo, akamkaripia kwa kumficha, yote kwa sauti ya chini, na mikono yake ikiendelea na kamba hata baada ya viatu kutoka.

Miezi iliyofuata Bega aliiishi kwenye kiti cha kuegemea karibu na dirisha, na mtungi wa hewa ukisimama kando yake kama mgeni asiyeaga. Fokasi alikuja mara kwa mara, siku hizi yeye mwenyewe akiitwa mpigapicha. Walizungumza lenzi na umbea wa kazini. Bega alimchokoza kwamba bega lake bado liko sawasawa, ina maana hafanyi kazi. Kuhusu onyesho lile hawakuzungumza sana. Siku moja tu Bega alimuuliza kama kule juu palikuwa na mwanga wa kutosha. Ulikuwepo. Akasema vizuri.

Filamu ilitoka yeye akiwa bado yupo. Hakwenda kuiona. Ukumbi uko ghorofani.

Tulikwenda mimi na dada. Alinishika mkono tangu kwenye lile gari lenye usukani hadi kwenye kijukwaa, na uso ulipotokea kwenye reli aliubana mkono wangu kana kwamba hakujua unakuja. Kisha ukaja ule muda wa kimya. Ngazi tupu, rangi ya kijani na nyeupe, ukutani mwanga unaokufa. Hapo katikati simu ya mtu ililia, moja ya zile nyimbo za kuchekesha, na mwenyewe akawa anaitafuta mkobani haipati. Nusu ya ukumbi ikaangua kicheko. Waliponyamaza, kamera ilikuwa inakimbia.

Tuliporudi Bega alikuwa macho. Alivuta kile kibomba cha hewa kikae vizuri puani, akamuuliza mkewe jambo moja tu, kama pale kijukwaani watu walinyamaza.

"Walinyamaza," dada akasema.

"Wote?"

"Wote. Hata mimi nilisahau kupumua."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akageukia dirisha. Dada alikaa ukingoni mwa kiti chake na mkoba bado begani, hakuuvua, akinitazama mimi ili nisiseme kitu, na mimi sikusema.